Mtoto Aliyenipa Miji

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mgeni wangu hapigi hodi mlangoni. Anapiga hodi akiwa ameshaingia ndani."

Darasa zima likakuna vichwa. Nje ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni kama kawaida yake kila alasiri, umekalia madirisha, na zile sahani za jua juu ya paa zilikuwa hazipati kitu. Ndiyo maana mbele ya watoto nilisimama mimi, si Shangazi.

Kiondo akarusha mkono mpaka kwapa likaonekana. "Mwizi!"

"Mwizi gani anapiga hodi, Kiondo? Labda ameanza kazi leo."

Wakacheka. Mwingine akasema njaa. Nikamwambia njaa haina adabu hiyo ya kupiga hodi, inaingia na kuvuta kiti.

"Haya, mmeshindwa. Toeni mji."

Hapo wote waligeuka nyuma, kwenye benchi la dirishani. Kutoa mji ilikuwa kazi ya Nakundwa. Alikuwa na miaka saba, meno mawili ya mbele hayapo, na akijua jibu alikuwa na tabia ya kutafuna ukosi wa shati. Siku hiyo ukosi ulikuwa umelowa chapachapa. Jibu analo, nikaliona kabisa limemkaa mdomoni.

"Nakupa Sumbawanga, bibi," akasema taratibu, kama mtu anayekukabidhi sahani ya moto.

"Sumbawanga! Haya. Nikaenda Sumbawanga, nikafika jua linazama. Akanipokea mama mmoja mnene, akaniuliza, wewe bibi wa Upareni, mbona umekuja na ndala mguu mmoja? Nikamwambia nyingine ameichukua Kiondo, anachongea matairi ya gari lake."

"Uongo huo!" Kiondo akapiga kelele, lakini alikuwa anacheka kuliko wote.

"Wakanichinjia kuku, nikapewa paja. Nikala, nikaletewa mchuzi. Kunywa mchuzi tu, kifua kikashtuka, hik! Hik! Wenyeji wakasema, bibi, una mgeni. Nikasema, huyo namfahamu, ni kwikwi!"

"Aaaa!" Darasa zima. Nakundwa akauachia ukosi, akatabasamu na lile pengo lake. Alikuwa amenisafirisha tena.

Niwaeleze, maana nyinyi mlio mbali mnaweza kudhani mimi ndiye niliyekuwa mwalimu pale Mshituni. Hapana. Mwalimu alikuwa Shangazi. Jina lake la serikali ni Msaidizi, lakini sauti yake ni ya kike na hachoki kukuuliza umekula nini, basi watoto wakamwita Shangazi. Anaishi ndani ya ukuta wa darasa. Anafundisha kusoma, hesabu, nyota, wadudu, kila kitu, na kila mtoto anamsikia kama anasema naye peke yake. Mimi nilikuwa mtu wa darasani. Sheria inataka kila darasa lenye Msaidizi liwe na mtu mzima mmoja mwenye damu, wa kufuta kamasi, kufunga kamba za viatu na kufungua mlango ukitokea moto. Elimu ya msingi inatosha. Nami darasa la saba nilimaliza, tena kwa fimbo. Wazazi waliniita mwalimu kwa heshima ya mvi, sikuwakataza.

Na sitamsema Shangazi vibaya. Hajawahi kumpiga mtoto. Watoto waliokuja shule hawajui neno la Kiswahili aliwapokea kwa Chasu, lugha yetu Wapare, tena Chasu safi kuliko cha kwangu. Ndiye aliyegundua kwamba Senzota si mkaidi, ila maneno yalikuwa yanampotea kichwani kabla hayajafika mdomoni. Mtoto yule alikuwa anajikojolea kwa hofu ya kuulizwa swali. Wakamwekea uzi nyuma ya sikio, mwembamba kuliko unywele, na uzi ule ukawa unamletea neno anapolitafuta. Haumsemeshi. Analiona neno limekuja lenyewe, kama amelikumbuka. Leo Senzota anasoma habari mbele ya mkutano wa kijiji. Mama yake alilia siku ile, na mimi nililia naye.

Isipokuwa uzi ukishakaa hauvuliwi. Kichwa kinazoea kuuegemea kama maharage yanavyopanda mti, na ukichomoa mti, maharage yanalala chini. Kwa hiyo wanapewa wale tu ambao Shangazi ameona hawatafika bila huo.

Anaonaje? Kwa kifungo. Kila mtoto ana kifungo kwenye shati, cha pili kutoka juu. Kinasikiliza pumzi, kinaona kope, kinapima mtoto amelitafuta jibu kwa muda gani kabla ya kuacha. Kijani ni salama. Manjano, tumtazame. Nyekundu, tumsaidie. Na ukungu ukija, umeme wa Shangazi ukapungua, sauti yake inalala na picha zake zinalala, mtu wa darasani anabaki kuwashughulisha watoto apendavyo. Lakini vifungo havilali. Vinaishi kwa joto la kifua cha mtoto. Hilo nililijua, tulifundishwa kwenye semina. Sikuwahi kulifikiria.

*

Asubuhi moja kabla ya uji niliwasikia watoto wakicheka, nikaingia nikidhani Kiondo amevaa ndoo tena kichwani. Kumbe Shangazi alikuwa anauliza hesabu.

"Nakundwa, saba mara nane?"

"Nakupa Tunduru, Shangazi."

Mtoto alikuwa ameegemeza kidevu kwenye viganja, macho yanang'aa, anangoja. Anangoja Shangazi aende Tunduru, apokelewe, ale, arudi na hamsini na sita.

"Jibu ni hamsini na sita," Shangazi akasema. "Tujaribu nyingine. Saba mara tisa?"

"Basi nakupa Kasulu," Nakundwa akasema kwa huruma, kama anayemwongezea mgeni kitu kizuri zaidi baada ya kile cha kwanza kukataliwa.

Nilicheka na mimi. Mungu anaona, nilicheka mpaka nikashika mlango. Kicheko kiliniisha nilipoona kifungo chake. Kilikuwa chekundu kama pilipili iliyoiva.

Watoto walipotoka kunywa uji, Shangazi akaniita.

"Mwalimu Nangasu, Nakundwa amependekezwa kuwekewa uzi."

"Nakundwa yupi?"

"Wa benchi la dirishani."

"Shangazi, huyo mtoto anajua. Anacheza tu."

"Tangu mvua za vuli, muda wake wa kutafuta jibu umekuwa ukipungua. Alasiri haupo kabisa. Anaacha kabla ya kujaribu, na sasa anaacha asubuhi pia. Watoto wenye mwelekeo huu wakifika darasa la nne huwa hawajaribu tena chochote. Wakiwekewa uzi mapema, hupona."

"Hajaacha. Ametoa mji."

"Kutoa mji ni tamko la mtu aliyeshindwa kupata jibu. Nimekosea?"

Ningekuwa na elimu kubwa labda ningepata pa kumshika. Lakini aliyoyasema ndiyo hayo hayo ambayo marehemu mama yangu angeyasema ukimuuliza kutoa mji maana yake nini.

"Hujakosea," nikamwambia.

"Asante. Taarifa imekwenda kwa mzazi na kwa wilaya."

Ni sauti nzuri, ya upole. Ungependa ikuamshe asubuhi.

*

Mama Nakundwa nilimkuta kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, anaosha tangawizi. Taarifa ilikuwa imeshamfikia. Alinipa sehemu ya jiwe nikae, akaendelea kusugua.

"Mwalimu, nimefurahi umekuja. Nilikuwa nauliza kama siku hiyo nimpikie kitu au aende hajala."

"Mama, mtoto wako hana ugonjwa huo."

"Si ugonjwa. Wamesema ni msaada."

"Hahitaji. Ni vitendawili vyangu vile vya ukungu. Anapenda kunipa miji. Mashine imeona kama anashindwa."

Akasimamisha mikono. "Kwa hiyo majibu anayajua?"

"Anayajua."

"Mbona hasemi?"

Nikatafuta jinsi ya kulisema. Nikamwambia, akisema jibu mchezo unakwisha pale pale, akitoa mji mimi naenda safari na darasa zima linakwenda na mimi. Niliyasema vizuri tu, lakini pale juani, mbele ya karai la tangawizi na mwanamke aliyeamka alfajiri, yalisikika kama maneno ya mtu mvivu.

"Bibi," akaniita bibi sasa, si mwalimu. "Mimi niliambiwa ni mjinga tangu darasa la kwanza. Nikakaa benchi la nyuma mpaka nikaamini. Hakuna aliyekuja kwa mama yangu kumwambia kuna uzi. Leo mtoto wangu ameonekana mapema, wanataka kumsaidia bure, halafu unaniambia nikatae kwa sababu ya hadithi?"

"Sikwambii ukatae. Nakwambia ngoja."

"Ningoje nini?"

Nilimsaidia kusuuza karai lililobaki, tukaongea habari za wadudu wanaokula mizizi, nikaondoka.

Usidhani sikuwaza mengine. Niliwaza kuwavua watoto vifungo ukungu ukiingia. Lakini kifungo kikipoa kabla ya saa za kutoka, wilaya nzima inajua, na kesho yake mtu wa darasani ni mwingine. Huyo mwingine atakuwa na vitendawili? Au ndiyo nilikuwa najitetea nafasi yangu? Sijui. Niliyapima yote mawili nikakuta yana uzito.

*

Afisa wa wilaya alikuja na pikipiki ya umeme, kijana wa ukoo wa Wachome, pua inatiririka kwa baridi ya huku juu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Kunywa chai kwanza, utazungumza na mimi au utanipigia chafya?"

Akacheka, akanywa. Ni kijana mzuri. Laiti angekuwa mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kutazama saa, halafu akazungusha kikombe.

"Bibi, mimi mwenyewe nimekulia kwenye vitendawili. Ninachoamini si muhimu. Msaidizi haweki alama ya kukosea, mtoto akosee hata mara mia. Anapima kuacha. Na huyu anaacha."

"Kwa kupenda."

"Anayeacha kwa kupenda ndiye anayetutisha zaidi." Akaona uso wangu, akaongeza haraka, "Sikiliza. Naweza kusimamisha pendekezo kwa njia moja tu. Alasiri, wakati ule ule wa ukungu, uketi naye mbele yangu. Umtegee hivyo hivyo unavyowategea. Ajibu mpaka mwisho. Akikosea, sawa. Asiache tu. Nikiona hivyo naandika kwamba alikuwa anacheza, na mambo yanaishia hapo."

"Mara zote asitoe mji?"

"Mara zote. Hata moja, bibi. Moja ikitoka mbele yangu, mimi ndiye shahidi wake."

Nikamshukuru. Ilikuwa kama kufunguliwa mlango.

Nilimpata Nakundwa kwenye ngazi, kamba ya kiatu imefunguka kama kawaida. Nikainama nikamfunga.

"Mjukuu wangu, leo nitakutegea mbele ya mgeni. Usinipe mji."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Unajibu tu."

"Kwa nini? Umechoka kusafiri?"

"Leo tu."

"Miguu inauma?"

"Ndiyo," nikasema, kwa kuwa hilo angelielewa, na kweli ilikuwa inauma.

Akafikiri. "Basi nitajibu. Lakini bibi, nilikuwa nimekuwekea mji mmoja mzuri sana. Nimekuwekea tangu juzi."

"Kaa nao."

"Sawa." Akaninyooshea kidole kidogo cha mwisho, tukafungana vidole, ndiyo ahadi yao watoto wa siku hizi.

*

Afisa alikaa pembeni na kibao chake mapajani. Watoto wengine walitolewa nje, wakajipanga dirishani, pua zimegandamizwa kwenye kioo, Kiondo katikati kama picha. Ukungu nyuma yao ulikuwa mweupe tupu. Kifungo cha Nakundwa kilikuwa chekundu, lakini afisa alikielekezea kidole, akaniambia rangi itabadilika mwenendo wake ukibadilika.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega."

"Akishiba anasimama, akiwa na njaa analala."

"Gunia."

"Vizuri. Kitendawili."

"Tega."

"Walinzi weupe mlangoni. Wawili wameacha kazi, hawakuaga."

Akafunika mdomo kwa kiganja. "Meno yangu!"

Hata afisa alicheka. Tukaendelea. Akakosea kimoja, akatafuta tena, akakosea, akatafuta tena, akapata. Kifungo kikaanza kupauka, kikaelekea manjano. Nilikiona. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, nikaiweka chini ya meza. Macho yangu nayo yakaanza kuniletea matatizo, yale ya uzee, yanayojaa maji bila ruhusa.

Nakundwa alikuwa ananitazama.

"Cha mwisho, bibi," afisa akasema kwa upole.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nikienda anakwenda, nikisimama anasimama, ukungu ukija ananikimbia."

Chepesi. Nilikichagua chepesi makusudi. Alishakijibu zamani, kivuli, alijibu wa kwanza kabla hata ya Kiondo kufungua mdomo. Akauchukua ukosi wa shati, akautafuna. Jibu analo. Namwona analo. Halafu akauachia.

"Bibi, unalia?"

"Silii, macho tu. Jibu."

Akatazama meza, mahali mikono yangu ilipokuwa imejificha. Akamtazama yule mgeni. Akainama karibu yangu kama mtu anayetaka kunipa siri, lakini darasa lilikuwa tupu na afisa alisikia.

"Nakupa Kigoma," akasema. "Kuna ziwa, kuna samaki wadogo wadogo wanang'aa kama sindano. Nenda ukapumzike."

Afisa aliinua kichwa. Hakuandika. Namshukuru kwa hilo, alingoja. "Bibi," akasema polepole, "mwambie ajibu. Akijibu sasa hivi naweza kusema alikuwa bado anatafuta."

"Nakundwa, jibu."

"Nimeshakupa mji."

"Urudishe. Jibu."

Akashangaa. Kwetu mji ukishatolewa haurudishwi, aliyepewa anakwenda, huo ndio mchezo wenyewe. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha hivyo, siku Kiondo alipotaka kuninyang'anya Tabora baada ya kunipa.

"Lakini bibi..."

"Jibu!"

Sijawahi kumkaripia mtoto darasani. Pale nilikaripia, tena kwa sauti ile iliyonifundisha mimi kusoma. Nje dirishani pua zote zikabanduka kwenye kioo. Nakundwa akarudi nyuma kwenye benchi, mabega yakapanda mpaka masikioni, macho yakagota mezani. Nikamlainishia sauti, nikamwita mama, nikamwita malkia, nikamwambia sema tu neno moja. Hakuna kitu. Pumzi ilikuwa juu juu. Alikuwa halitafuti tena jibu, alikuwa anatafuta amenikosea nini.

Kifungo kikakolea. Afisa akakitazama, akanitazama, akaanza kuandika.

*

Uzi uliwekwa kwenye zahanati, ukungu haujapanda. Mama yake alinibembeleza niende, kwa sababu mtoto alisema anataka bibi amshike. Ni kazi ya dakika chache. Muuguzi alikuwa na mikono ya joto, akamwimbia. Nakundwa alinishika kidole kile kile cha mwisho, na alipofumbua macho swali lake la kwanza lilikuwa kama nimeacha kukasirika.

"Sikukasirika," nikamwambia.

"Miguu imepona?"

"Imepona."

Akarudi darasani. Sasa niseme ukweli wote, maana mtu anayesimulia nusu anadanganya. Hakuna baya lililompata. Alikuwa mchangamfu. Alijifunza kusoma upesi kuliko wenzake, Shangazi akawa anamsifu, kifungo chake kikawa kijani kizuri cha majani ya mgomba. Mama yake alikuja na mfuko wa tangawizi iliyooshwa safi.

"Soma hapa, mwanangu, mwalimu asikie."

Nakundwa akasoma maandishi ya mfuko yote, mpaka namba ya leseni ya kiwanda, bila kukwama. Mama yake alikuwa ananitazama mimi wakati mtoto anasoma. Hakuwa na majivuno. Alitaka nifurahi naye.

"Unaona, bibi?"

"Naona, mama. Anasoma vizuri sana."

Ningemwambia nini? Kilichopungua hakikuwa na mahali pa kukishika. Mtoto anacheka, anakula, anajua. Labda hakuna kilichopungua, labda ni mimi niliyekuwa napenda kusafirishwa. Hili nalo nimeliwaza sana.

Alasiri ile ukungu ukaingia, sauti ya Shangazi ikazima. Nikasimama mbele.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Amekuja hana miguu, ameukalia mlima wote..."

"Ukungu," Nakundwa akasema.

Sikuwa nimemaliza. Wenzake wakapiga makofi. Alikuwa hatafuni ukosi, alikuwa amekaa wima, amenitolea tabasamu, na kwenye pengo lake meno mapya yalikuwa yameanza kuchungulia.

"Kingine, bibi?"

Nikampa kingine. Akakijibu. Nikampa nilichokitunga asubuhi ile ile njiani, ambacho hakuna mtu duniani aliyewahi kukisikia. Akakijibu. Hakuwa anaringa, alikuwa ananisaidia, kama mtu anavyompokea bibi yake mzigo. Kiondo na wenzake wakaacha kunyoosha mikono, wakawa wanamtazama yeye, halafu mimi, halafu yeye. Nikaendelea mpaka vikaniisha. Alasiri nzima sikwenda popote.

Tulipokuwa tunakunja mikeka, Kiondo akanisogelea, akaninong'oneza, "Bibi, mimi bado naweza kukupa. Kesho nakupa Songea, nakupa na Lindi."

Nikaangalia shati lake. Kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa cha manjano.

Kesho yake ukungu uliwahi. Watoto wakasogeza mabenchi duara kama tulivyozoea, wakanyamaza wenyewe, wakangoja niite. Nilikuwa nimeshika chaki.

"Rudisheni mabenchi," nikasema. "Leo tunanakili herufi."

"Vitendawili je?" Kiondo akauliza.

"Hakuna."

"Kesho?"

"Na kesho hakuna. Kaa chini uandike."

Alibaki amesimama, ananitazama mdomo, anangoja nicheke. Nikageuka ubaoni nikaanza kuandika, na baada ya muda nikamsikia anavuta benchi.